Mwaka wa Kushika Kabati

Mwaka uliopita tulikuwa kwenye matanga ya Tantine Berthe, hapa Likasi, tumeketi ndani ya nyumba yake ya mtaa wa Kikula, wanawake chumbani na wanaume uani. Machozi yalikuwa yamekwisha, kama yanavyokwisha mtu anapozikwa akiwa mzee aliyeshiba miaka, na tulikuwa tumebaki na chai na maneno. Lori kubwa la madini likapita barabarani, nyumba ikatikisika, vikombe vikagongana kwenye sinia. Mimi na dada yangu Léonie, binti wa marehemu, wazee wawili tusioinuka kitini bila kushikwa mkono, tukajikuta tumesimama wima, mikono tumeinyoosha kuelekea ukutani ambako hakukuwa na kitu chochote isipokuwa kalenda ya parokia. Wajukuu walitutazama kama watu waliopatwa na pepo. Mmoja akatuuliza sisi mabibi, "Nkambo, munashika nini?" Léonie akanitazama, nami nikamtazama, na kicheko kikatushika pale pale, kicheko kisichofaa kabisa matangani, hadi mama mmoja wa chama cha parokia akatoka nje kwa kuudhika. Hatukumjibu yule mtoto. Lakini mimi tangu siku ile sijaacha kuukumbuka mwaka ule, na nikiuacha bila kuuandika nitakufa nao.

Ni mwaka ulioanza na mapigano ya Septemba 1961, Katanga ilipokuwa imejiita nchi ya peke yake, na bendera yenye misalaba ya shaba ikipepea juu ya ofisi ya posta. Kwenye vibao mji wetu ulikuwa bado Jadotville. Midomoni mwetu ulikuwa Likasi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, nasoma kwa masista, nalala kwa shangazi yangu Tantine na mumewe, Tonton Évariste. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma na paa la malata, yaani mabati, na chumba chake cha mbele kilikuwa na kitu kimoja tu kilichostahili kuitwa mali: kabati la vyombo, refu kumpita Tonton Évariste mwenyewe, lenye milango ya vioo, na ndani yake bilauri za kioo cha kuchongwa ambazo Tantine alizinunua moja moja kwa ajili ya siku Léonie atakapoolewa. Hakuna aliyewahi kunywea bilauri hizo. Kila Jumamosi zilitolewa, zikaoshwa kwa maji ya uvuguvugu, zikafutwa, zikarudishwa, na sisi tukaendelea kunywa maji kwenye vikopo vya bati.

Sasa lazima nieleze desturi ya mtaa wetu, maana bila hiyo hakuna habari. Karibu na mji palikuwa na machimbo ya mawe ya chokaa, na kila saa sita mchana walilipua baruti. Kwanza kilipigwa king'ora kirefu, kisha kimya, kisha ardhi ikagonga nyayo zako kutoka chini. Kwa hiyo king'ora kilipolia, Kikula nzima iliacha kazi yake na kushika vyombo. Kila nyumba yenye kabati ilikuwa na mshikaji wake. Ungepita barabarani saa ile ungeona kila dirishani mtu amekumbatia kabati, kifua kwenye kioo, mikono imetandazwa, shavu kwenye mbao, amefumba macho kama anayesali. Sufuria zilifunikwa vumbi lisiingie, watoto wachanga walibebwa, na mtetemo ulipopita mwiko uliendelea na bukari, ugali wetu, pale ulipoachia. Kwetu mshikaji alikuwa Tonton mwenyewe akiwa nyumbani, na akiwa kazini alikuwa Léonie, na Léonie akiwa ametumwa nilikuwa mimi. Tulikuwa mahodari. Mgeni aliyekimbia nje kwa hofu tulimcheka wiki nzima.

Sista aliyetufundisha jiografia aliondoka na vita vile vya Septemba, na masista wakakaa majuma mengi bila mtu, hadi siku moja akaingia darasani kijana mrefu mwenye koti lililomfupia mikono. Aliitwa Faustin. Alikuwa mwalimu wa shule ya wavulana, na shule hiyo ilituazima saa zake chache. Kwao kulikuwa Kivu, upande wa Goma, na Kiswahili chake kilitufanya tuumane midomo ili tusicheke, kwa sababu alisema "miye" mahali sisi tulisema "minye", na tuliona ni yeye anayekosea, ingawa "njo" ya ndiyo na "bantu" ya watu tulikuwa nazo sote. Somo lake la kwanza lilikuwa matetemeko na volkano. Akachora ubaoni mduara mkubwa, akasema dunia ina ganda jembamba la mwamba, na chini ya ganda mna joto kiasi kwamba mahali pengine mawe yenyewe yanayeyuka. Ganda hilo, akasema, limepasuka. Upande wetu wa Afrika linavutwa huku na huku, na mpasuko wake unafuata maziwa: Kivu, Tanganyika, na mkono wake mmoja unashuka mpaka huku kwetu Katanga. Ganda linavutwa miaka na miaka bila kusema, kisha siku moja linateleza, na huko kuteleza ndiko tetemeko. Na pale ufa unapoachia njia, mawe yaliyoyeyuka yanapanda, na huo ndio mlima wa moto. Mimi baadaye nilifundisha jiografia miaka mingi, nikapata vitabu vipya vyenye maneno marefu kuhusu mabamba ya dunia yanayosogea, na kila nilipovifungua niliona kwamba sikuongeza sana juu ya mduara ule wa chaki.

Msichana mmoja nyuma akasema haelewi mawe yanapandaje. Faustin akafikiri, akauliza nani hupika bukari nyumbani. Sote tukainua mikono, ni swali gani hilo. Akasema: leo, uji ukishachemka na kuwa mzito, kabla ya kuongeza unga wa kusongea, muutazame. Juu unaanza kukaa ngozi. Chini moto unasukuma. Ngozi inavimba, inapasuka, na uji unaruka na kukuunguza mkono. "Njo volkano ile," akasema. "Na mukiweka kifuniko na kukikaza, njo mubaya zaidi." Sijui kama aliwahi kupika bukari maishani mwake, lakini sisi tulikuwa na makovu ya uji mikononi tangu utoto, na hakuna aliyehitaji maelezo mengine.

Jioni ile nilichuchumaa mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, nikautazama uji. Nilitazama ngozi inavyojikunja, nilitazama inavyotoboka, puu, puu, na kila tundu lilikuwa kwangu Goma nzima. Nilitazama hadi moshi ukanijia usoni na ndani ya sufuria pakawa makaa matupu. Tantine alinikuta bado natazama. Alikuwa mwanamke mpole, lakini si mbele ya unga uliopotea mwaka ambao unga wenyewe ulikuwa ukipatikana kwa kupanga mstari. "Nani alikuambia kuunguza chakula ya bantu?" Nikasema ni mwalimu. "Mwalimu ya nini?" Nikasema ya jiografia. Kesho yake akamtuma Léonie afuatane nami shuleni kumuuliza huyo mwalimu kama kwao watu hula masizi. Léonie alikuwa na miaka ishirini, ulimi wake haukuwa na mlinzi, na alikwenda akiwa amejiandaa njia nzima. Alimkuta Faustin anafuta ubao. Alisema yote aliyotumwa na mengine ya kwake. Faustin alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, kwa heshima kabisa, "Na mama, ile uji iliruka?" Nilimwona Léonie akitafuta hasira yake na kuikosa. Aliporudi nyumbani Tantine alimuuliza mwalimu amejibu nini, akasema hakumbuki.

Baada ya hapo Faustin alikuja Kikula kila Jumapili baada ya misa, kwa kisingizio cha kuniazima kitabu, na mimi nikaazimwa vitabu ambavyo sikuviomba. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akala sombe, kisamvu chetu, na samaki walioletwa kutoka Kapolowe, mbali na mji, akasimulia. Alitueleza jinsi mlima Nyamulagira ulivyotoa mto wa moto uliofika mpaka ziwani, na mama yake akiwa pale na wanawake wengine, wakaona maji yanachemka na samaki wakielea wameiva tayari. Alitueleza habari za mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala mabondeni bila harufu, hata mbuzi anashuka kunywa maji asirudi. Mashamba ya bibi yake yalifunikwa na mawe meusi. Tantine akauliza basi watu wanangoja nini huko, kwa nini hawahami. Faustin akacheka. Akasema majivu ya mlima yakishatulia na mvua kunyesha, hakuna udongo duniani unaotoa maharagwe kama ule, na viazi unavichimbua vikubwa kama kichwa cha mtoto. Mlima unaiba kwa mkono mmoja na kulisha kwa mwingine, na watu wake wanaujua hivyo, wanakimbia na kurudi. Léonie alikuwa akisikiliza huku akichambua majani ya sombe, na nakwambia alichambua fungu lile lile mara mbili.

Aliyekuwa hasikilizi ni Tonton. Tonton Évariste alifanya kazi kwenye tanuru la shaba, alirudi kila siku na nyusi zilizokauka kwa joto, na moto kwake haukuwa hadithi. Chumba changu kilitenganishwa na chao kwa ukuta usiofika paa, basi maneno ya kumwoza Léonie kwa Faustin niliyasikia yote bila juhudi. "Huyu kijana haiko mubaya," alisema Tantine. "Anaheshimu bantu, anasali." Tonton akasema: "Moto ya kazini iko na mulango. Unafunga, inabakia kule. Ile ya kwabo haina mulango. Utatuma mutoto wako mu nchi ambayo chini inatikisika?" Tantine akasema hata hapa chini inatikisika, kila saa sita. "Hapa banapiga king'ora kwanza," akajibu Tonton. Kulikuwa na jingine pia, la mwaka ule. Watu walikuwa wamejifunza kuulizana kwenu wapi. Mtu wa Kivu alikuwa mtu wa nchi nyingine, na mtaani walikuwepo waliosema kwamba ukimpa binti yako unampa adui. Tonton hakulisema hilo kwa mdomo wake, nami namheshimu mpaka leo kwa kutolisema, lakini lilikuwa limekaa naye mezani. Léonie alikonda. Alimwambia mama yake kwamba akikataliwa Faustin hataolewa na mtu mwingine, zile bilauri wazigawe. Tantine akalia, si kwa sababu ya bilauri.

Mwishowe Tonton alikubali jambo moja tu: kijana alete watu wake, wasikilizwe, na atajibu siku hiyo hiyo mbele yao. Watu wa Faustin walikuwa mbali, ng'ambo ya mipaka iliyofungwa, kwa hiyo akamwomba Papa Célestin, fundi cherehani wa parokia, mtu mnene mwenye sauti nzuri ya kusomea masomo kanisani, awe msemaji wake. Wakaja Jumapili alasiri, wamevaa koti. Kulikuwa na kuku, bukari nyeupe kama inavyotakiwa, na munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, kwenye mtungi uani. Sisi wasichana hatukutakiwa kuwemo, ila mlango wa jikoni ulikuwa na ufa wa kutosha macho mawili, la Léonie juu na langu chini. Papa Célestin alizungumza vizuri sana na kwa muda mrefu sana. Tonton akasikiliza na uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Nilimhisi Léonie juu yangu ameacha kupumua. Tonton akaweka mikono magotini, akakohoa, akasema, "Bon. Minye nitajibu."

Hapo ardhi ikatikisika. Haikugonga kutoka chini kama baruti. Ilikwenda pembeni, kama mtu anayepepeta unga kwenye ungo, na haikukoma. Tena hapakuwa na king'ora. Kila mtu chumbani alifanya kile ambacho mwili wake ulikuwa umefundishwa. Papa Célestin, ambaye tangu Septemba alikuwa anaogopa ndege za vita, aliingia chini ya meza na bakuli la kuku mkononi. Tonton akaruka akakumbatia kabati. Na sisi wawili, nakiri kwa kicheko, tulifungua mlango tukakimbilia kumsaidia, kwa sababu kabati likitikisika Kikula hushikwa. Faustin peke yake ndiye aliyepiga kelele, "Tokeni inje! Bote, tokeni!" Akatushika mimi na Léonie mikono akatutupa uani kama mafurushi, akamvuta Tantine, akamtoa Papa Célestin kwa kola ya koti. Tukasimama kwenye jua tukaona malata yanaruka juu ya paa na ukuta wa jiko la jirani unalala chini polepole na vumbi lake. Na Tonton hakuwa ametoka.

Tulimwona kupitia mlango. Alikuwa amelikumbatia kabati kwa miguu iliyopanuka, na kabati lilikuwa linakwenda naye, linamjia kifuani, linarudi ukutani, linamjia tena. Lilikuwa la mbao nzito za Katanga, lingemvunja. Tantine alimwita kwa jina lake la nyumbani, ambalo sikuwahi kulisikia kabla. Hakuachia. Faustin akasimama hapo nje hatua chache tu, mahali salama, mtu aliyejua kuliko sisi sote nini hutokea kwa wanaobaki ndani. Nilimwona akitazama paa. Kisha akaingia. Sikumwona akimvuta Tonton. Alikwenda upande wa pili, akatandaza mikono, akaweka shavu kwenye mbao, wakalikumbatia lile kabati wawili, uso kwa uso kupitia vioo, mpaka ardhi ilipochoka.

Walipotoka walikuwa weupe kwa vumbi la chokaa. Ufa mmoja ulikuwa umepanda ukutani toka sakafu hadi dirishani, na wala bilauri moja haikuvunjika. Barabarani watu walikuwa wanapiga kelele, wengine wakisema ni bomu, wengine wakisema machimbo yamelipuka yote kwa pamoja, na mama wa nyumba ya pili akatazama juu ya ua wetu, akamwona Faustin, akasema kwa sauti ya kusikika, akiwataja hadi mababu waliozikwa, "Njo huyu. Njo mwalimu wa mulima wa moto alileta. Siku ya posa kabisa. Bazee ba chini banakataa." Niliona kila kitu kimekwisha, kwa sababu hayo hasa ndiyo Tonton alikuwa ameyaogopa, na sasa yamesemwa na mtaa mzima unasikia. Léonie aliketi chini kwenye mchanga. Tonton akajifuta uso kwa mkono, akamgeukia jirani. "Hakuleta kitu," akasema. "Minye nilikuwa mule ndani naye." Kisha akamwuliza Faustin, polepole, kama watu wasingekuwepo: "Weye uliyua kama inafaa kutoka. Uliambia bote. Juu ya nini ulirudia?" Faustin akajikung'uta vumbi. Akasema, "Papa, weye haukutoka."

Papa Célestin, ambaye alikuwa ameokota adabu yake pamoja na kofia yake, akakohoa akakumbusha kwamba walikuwa wamefikia mahali pa jibu, na labda sasa turudi ndani tumalize. Jibu la posa hutolewa chini ya paa la baba. Faustin akasema samahani, tusiingie, tetemeko kubwa hufuatwa na madogo, ganda likishateleza hutafuta mahali pa kukaa. Akasema hivyo mbele ya mwenye nyumba, kwenye uwanja wa mwenye nyumba, na Tantine akashika mdomo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia Tonton aingie au asiingie wapi. Tonton akatazama mlango wake. Akatazama ule ufa. "Mulete biti hapa," akasema. "Tutakaa inje."

Tukaleta vile viti vilivyokuwa uani na kibao cha kufulia, tukakaa sote juani, wenye koti na wenye vumbi. Papa Célestin akajinyoosha ili asikilize jibu kama inavyostahili. Ndipo Tantine akagundua kwamba wageni hawana cha kunywa, na kabla hajamaliza kusema, Léonie alikuwa amekwisha kuinuka, amekwisha kupita mlangoni, na tukasikia kioo cha kabati kinafunguliwa. Alikuwa anachukua bilauri. Faustin akaruka kitini. "Léonie, toka inje!" Akatoka taratibu, bilauri mbili kifuani, ametulia kama aliyetoka sokoni, akazijaza munkoyo, akampa baba yake moja na Faustin moja, Faustin ambaye bado alikuwa anamgombeza kwa mikono. Tonton akainywa yake yote kwa mkupuo mmoja. Akapangusa mdomo.

"Uzoee, mukwe," akasema. "Huyu hasikiake muntu."

Tantine akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Kapolowe. Papa Célestin alikuwa bado amejinyoosha kwenye kibao cha kufulia, uso mzito, akilisubiri jibu, na ilibidi nimguse bega nimwambie kwamba limekwisha kutolewa.